Kidole Gumba Kwenye Kifuniko cha Redio

Jumatatu, 7 Juni 1971

Nimerudi kutoka kozi ya wiki mbili na sanduku langu: poda nyeusi, brashi, lenzi, selotepu, wino. Konstebo wa getini ameniuliza kama nilienda kusomea kupaka wanawake poda. Mimi ndiye mtaalamu wa alama za vidole wa kituo hiki — wa kwanza, na wa pekee.

Kesi imekuja kabla sijavua koti. Redio ya Mama Waithira, mwenye hoteli kule Giakanja, iliibwa jana watu wakiwa kanisani. Mwizi alitoa kioo cha dirisha, akakiegemeza ukutani kwa adabu. Sajini Munyao tayari amemfungia Ngatia, fundi wa viatu, kwa sababu mwaka wa sitini na sita alifungwa kwa baiskeli ya mtu. Ijumaa anapelekwa kortini Nyeri. Ngatia analia kwamba ana watoto wanne na hajui lolote.

Nimefika hotelini. Mama Waithira ameosha kioo kwa sabuni! Amepiga deki, amefuta meza, mlango, hata komeo. "Ati serikali ikuje kwangu ipate uchafu?" Kwenye kozi walitufundisha kuzungusha kamba watu wasiguse kitu. Hawakutufundisha kuhusu akina mama wa Giakanja. Nilitaka kulia. Nikapewa chai na chapati, nikala.

Halafu, ndani ya sukuma wiki chini ya dirisha — kifuniko cha nyuma cha redio. Mwizi alikifungua palepale kutafuta betri. Hazikuwamo. Mama alikuwa amezianika juu ya bati zipate nguvu tena. Nikakishika ukingoni kwa leso, nikapaka poda. Kidole gumba, safi kabisa! Mistari inazunguka kama kitunguu kilichokatwa, na kovu dogo limepita katikati. Nikaibandua alama kwa selotepu, nikaibandika kwenye kadi. Tarehe, saa, sahihi yangu, sahihi ya Mama. Leo nina furaha.

Jumanne, 8 Juni

Nimechukua alama za wafanyakazi na wateja wote wa hoteli, ili nijue za kuondoa. Mzee Kahiga amekataa. Ati mkoloni alichukua vidole vyake mara tatu na hakuna siku aliyomrudishia. "Enda uulize Nairobi. Viko huko vyote kumi." Nimeandika kwenye orodha: amekataa.

Wino hautoki. Mteja mmoja amelalamika kwamba chapati yake ina kidole cha mpishi. Kilikuwa kidole kizuri sana, kwa kweli, ningekitumia kufundishia.

Jioni Sajini Munyao ameniomba betri nne za tochi. Sina.

Jumatano, 9 Juni

Si Ngatia! Mistari ya kidole chake inaingia, inapinda, inarudi ilikotoka. Kovu hakuna. Nimeangalia mara sita. Si mtu yeyote wa hoteli pia.

Nimemweleza Sajini. Akacheka. "Wasike, mwizi anajulikana kwa macho. Mimi nimefanya hii kazi miaka kumi na tano bila poda." Kisha akachukua kifuniko mezani kwangu — mkono mtupu! — akakigeuzageuza akiuliza hii takataka ni ya nini. Sikuweza kumnyang'anya. Ni mkubwa wangu. Lakini kila mkono uliogusa ushahidi lazima uandikwe, kwa hiyo kesho nitapaka poda tena niondoe na alama zake.

Alhamisi, 10 Juni

Nimepaka poda pale Sajini aliposhika jana.

Kitunguu. Kovu.

Sijala tangu asubuhi. Kadi yangu ni ya Jumatatu, na kifuniko kilikuwa ndani ya sanduku langu, na kufuli, mpaka jana. Sajini mwenyewe aliniambia hajakanyaga hoteli ile tangu Pasaka. Nimekumbuka na zile betri. Naogopa. Yeye ndiye anaandika ripoti ya utendaji wangu, na Wajir kule jangwani hakukosi nafasi ya askari wa kuhamishwa.

Nimepita selo. Ngatia akaniuliza, "Afande, hiyo poda yako imesema nini?" Nikamwambia bado inakauka. Nimeona aibu.

Ijumaa, 11 Juni

Naandikia kwenye benchi nje ya korti. Ngatia yuko mbele yangu na pingu, fundi wa viatu mwenyewe miguu mitupu. Munyao amekaa kando yangu, mchangamfu. Ameniambia nikiulizwa niseme alama hazikuonekana vizuri. Kisha akanisimulia habari za redio za saa moja asubuhi, zote, mpaka hali ya hewa. Kumbe alipata betri.

Karani ameita jina langu. Munyao ameniokotea kofia, akaninyoshea, kidole gumba juu ya ule ukingo mweusi unaong'aa.

Nimeipokea kwa leso.

Ameangalia leso. Sasa anaangalia kidole chake. Karani anaita mara ya pili, na mimi nimeshasimama —