Kwenda na Kurudi, au Kwenda Tu

Mpendwa mshauri Dada Mialy, naomba unishike mkono kabla viza yangu haijaisha mwezi ujao. Mume wangu Njaka ni fundi wa mapaa, mwaka wa tatu huu yuko kisiwani Reunion, mimi nimebaki hapa Antsirabe na baridi yake, asubuhi napika wali wa mboga wa watu wawili ndipo nakumbuka niko peke yangu, usiku nalala upande wangu tu wa kitanda, dada, nimemkumbuka mpaka mwili unauma. Kanitumia nauli, akasema, "Nunua tiketi mtandaoni, njoo," basi nikapata tovuti moja ya tiketi za ndege, nikasoma maoni ya wateja wake, hata ya yule anayelalamika begi lake lilichelewa, nikawapigia simu, akapokea mtu mwenye adabu zake, na wifi yangu Fara ameshasafiri nao akarudi salama, lakini kila nikitaka kuweka nafasi, pale mwanzo kabisa wanapouliza kwenda na kurudi au kwenda tu, nazima simu, na kesho yake nakuta bei imepanda. Mama naye hataki kuninyunyizia maji ya baraka ya safari, anasema, "Dereva wa stendi namjua, na baba yake namjua. Huyu wa kwenye simu ni mtoto wa nani?" Fara ananicheka, "Wifi, kama watu wangesafiri kwa kusoma, wewe ungeshafika." Niambie dada, hii tovuti niiamini?

Noro, Antsirabe

Noro mdogo wangu,

Pole. Upweke wa kitanda unauma, na asikudanganye mtu kwamba utauzoea. Ila sasa nisikilize. Hiyo tovuti umeichunguza kuliko wengi wetu tulivyowachunguza wachumba wetu, imetosha. Ungekuwa unaogopa wezi ungekwama pale pa kulipa. Wewe unakwama kwenye swali la kwanza, kwa sababu Njaka alisema "njoo," hakusema "njoo tukae," na hujathubutu kumuuliza. Ukaona afadhali uisingizie tovuti ya watu.

Mpeleke Fara kwa mama yako, amsimulie alivyokwenda na alivyorudi. Mama haulizi habari za mtandao, anataka kumwona usoni mtu aliyepita njia hiyo. Akikupa maji yake, nunua tiketi siku hiyohiyo. Chukua ya kwenda na kurudi, ile inayoruhusu kubadili tarehe, hata ikizidi bei kidogo, na lipa ndani ya tovuti yenyewe, usimtumie mtu yeyote pesa pembeni.

Kisha mpigie Njaka. Mtajie siku ya kufika, mtajie na siku ya kurudi, halafu unyamaze. Usilie, wala usimsaidie maneno. Kama bado anakutaka, atakuuliza ni nani aliyekwambia urudi.