Mabegi ya Mama Yamefika Hounslow

Jumamosi, Hounslow. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, ile isiyonyesha ikaisha wala isiyoacha. Ndege zinapita juu ya paa kila baada ya dakika mbili tatu na vikombe vinatetemeka kabatini. Zamani nilikuwa nazitambua kwa rangi za mkia tu. Leo sijainua kichwa hata mara moja.

Mabegi ya mama yamefika.

Mama mwenyewe hajafika, wala hatafika. Yuko kwake Unguja na chupa yake ya dawa ya macho, na mabegi yake mawili yako hapa kwenye korido yangu, moja juu ya jingine, yamebandikwa karatasi ya njano ubavuni. Dereva wa gari la mizigo aliyaleta saa sita mchana, akaniomba saini, akanitakia siku njema. Nikamwambia ahsante. Ningemwambia nini, masikini, na yeye kazi yake ni kupeleka mizigo?

Mnaonisoma hapa mmezoea kukuta mambo mengine. Mnakuja kuuliza uwanja gani wa ndege Ulaya una chumba cha kuswalia, wapi pana maji ya bure, wapi kutoka geti moja hadi jingine ni mwendo wa nusu saa na mzee asithubutu bila kiti cha magurudumu. Miaka sita nimewaandikia kuhusu viwanja vikubwa vya miji mikuu, na vile vidogo vya mikoani ambavyo mkahawa wake ni mashine ya ukutani. Mmenishukuru. Wengine mpaka mmeniita mwalimu.

Basi leo mwalimu anakiri. Sijawahi kukanyaga hata kimoja katika hivyo.

Mimi nilipanda ndege moja tu maishani, kutoka Dar moja kwa moja mpaka Heathrow, na tangu hapo sijatoka nchi hii. Maombi yangu yako uhamiaji, huu mwaka wa tisa. Naruhusiwa kufanya kazi, naruhusiwa kusubiri, ila nikivuka mpaka tu wanahesabu nimeyafuta mwenyewe. Kwa hiyo nauza kahawa. Kaunta yetu iko ukumbi wa wanaowasili, inatazamana na ule mlango wanakotokea abiria na vigari vyao vya mizigo. Yote niliyowaandikia nimeyapata pale kwa wateja, na kwenye ramani za viwanja ninazozisoma kwenye simu nikiwa ndani ya basi. Mtu akija na begi lenye kibandiko cha uwanja nisioujua, namhoji kama askari. Wanjiru, mwenzangu wa kazi, Mkenya wa Nyeri mwenye mdomo, husema mimi nazijua njia za vyoo vyote vya Ulaya ambavyo sitavitumia.

Nilikuwa nacheka. Nilijiona mjanja, wallahi.

Mama ana presha ya macho. La kulia limeshakwenda. La kushoto daktari wa Mnazi Mmoja alimwambia lina mwaka, labda pungufu, na kwamba ataona pembeni panafunga kidogo kidogo mpaka pabaki tundu. Mama alinipigia siku hiyohiyo. Hakulia. Alisema, "Basi nataka nikuone kabla halijafunga."

Hakusema anataka kuja Ulaya. Hakuuliza baridi ikoje. Alitaka kuniona sura yangu, ambayo ameiacha nina miaka ishirini na nne na sasa nina thelathini na saba. Kwenye simu ya video anasema anaona mwanga na kitu kinachotikisika.

Viza alinyimwa mara mbili. Mara ya tatu akapewa, miezi sita. Nililia pale nyuma ya kaunta mpaka Wanjiru akachukua foleni yote peke yake.

Sasa nieleze nilichokifanya, maana hapa ndipo penye uchungu.

Mnatujua sisi. Mtu akisafiri, habari zinamtangulia. Kabla mama hajanunua hata soksi, nilikuwa nimeshapata simu kutoka Wembley, kutoka Tooting, kutoka mwisho wa mtaa wangu huu huu. Huyu anataka halwa, yule papa mkavu, mwingine anataka udi na achari ya ndimu ya mama yake mzazi. Na mimi nikaitikia kila mmoja. Sikuitikia kwa shida, niliitikia kwa raha. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa naomba watu waniletee. Sasa mama yangu anakuja, na mimi nina cha kumpa mtu.

Kulikuwa na tiketi moja iliyomleta mpaka hapa kwa kuunganisha ndege vizuri, ila begi lilikuwa moja, kilo ishirini na tatu. Na kulikuwa na ujanja wangu, ule mnaoujua, ule ulioniletea wasomaji wengi kuliko makala zote: tiketi mbili mbalimbali. Ya kwanza inakupa mabegi mawili, kilo arobaini na sita, mpaka uwanja mmoja wa Ulaya ambao sitautaja. Ya pili ni kindege kifupi cha kuja London. Niliwaandikia kwa herufi nene kabisa: huhitaji viza ya pale kama hutoki nje ya uwanja. Na mkajaribu, na mkaniandikia kwamba imekubali.

Nikamkatia mama tiketi kwa kuangalia kilo.

Sikujiuliza ni nani walioniandikia kwamba imekubali. Wiki iliyopita nimekaa nikapitia majina yao mmoja mmoja. Wote, hakuna hata mmoja aliyebaki, wana pasipoti za Uingereza au karatasi za kuishi Ulaya. Wao walitoka nje, wakachukua mabegi yao, wakaingia tena kupima mizigo, wala hawakuona kama wamevuka mpaka. Ukiwa na tiketi mbili, mabegi yako hayahamishwi. Yanakwenda kukusubiri kwenye mkanda, upande wa nje. Na mama yangu ana pasipoti ya Tanzania na viza ya Uingereza peke yake.

Dada yangu Asha aliyachapa maelezo yangu kwa herufi kubwa ili mama aweze kuyasoma kwa lile jicho moja. Kurasa nne. Akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akamfungia shingoni kwa kamba. Uwanjani Unguja walipouliza, Asha akawaonyesha tiketi zote mbili na viza ya huku, wakampitisha.

Siku hiyo nilivaa gauni. Nilisimama upande wa pili wa kaunta, upande wa wanaosubiri, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Wanjiru akanipa kahawa na kuniita mteja. Simu ilipolia nikaona namba ya nchi nyingine, nikadhani mama ameomba mtu ampigie kuniambia anapanda ndege ya pili.

Alikuwa mfanyakazi wa uwanja ule wa katikati, mwanamke mmoja mpole, anaongea Kiingereza taratibu. Alinieleza mara mbili. Kisha akampa mama simu.

"Rukia," mama akasema, "hawa wananiambia mabegi yako nje na mimi siwezi kutoka nje. Nimewaonyesha karatasi yako. Nimewaambia hii kaandika mwanangu, waisome tena."

Waisome tena. Alidhani wao ndio waliokosea kusoma.

Nilimwomba yule mwanamke, nikamwomba mkubwa wake, nikawaambia waache mabegi, wayatupe, wampe mama njia tu. Hata hivyo haikuwezekana, kwa sababu kindege cha pili kilikuwa kinaondokea jengo jingine na huwezi kufika jengo hilo bila kupita kwa askari wa mpaka. Na hilo nalo sikuwa nimeliandika. Sikulijua. Ningelijuaje, mtu wa ramani? Wakamweka kwenye chumba, na kesho yake wakamrudisha na ndege ya shirika lilelile lililomleta. Hawakumfanyia ubaya. Walimpa blanketi na chai. Natamani wangemfanyia ubaya nipate wa kumchukia.

Mabegi yalikuwa yameandikwa anwani yangu mimi, kwa maelekezo yangu mimi, na namba ya simu. Hilo peke yake ndilo nililowaelekeza sawasawa. Kwa hiyo yamefika.

Alasiri wakaja wenye vitu vyao. Nilidhani hawatakuja. Nilidhani wataona haya, au angalau watasubiri wiki. Walikuja. Wakavua viatu mlangoni, wakakaa, wakanipa pole, wakauliza hali ya mama, wakanywa chai. Mama Zuhura wa Wembley alinikumbatia akalia kweli. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama halwa yake imepona. Ilikuwa imepona. Kila kifurushi mama alikuwa amekiandika jina kwa mkono wake, herufi kubwa zinazopanda na kushuka, nyingine zimetoka nje ya karatasi. Alikuwa haoni anachoandika na bado hakukosea jina hata moja.

Sina kinyongo nao. Mimi ndiye niliyewaahidi.

Walipoondoka nikabaki na vilivyobaki. Madera manne. Baibui la pili. Sweta zito la kijani alilonunua mitumbani, bado lina pini ya muuzaji. Mswala. Chupa mbili za dawa ya macho za akiba. Nguo za mtu aliyekusudia kukaa. Nilikuwa nimemwekea ndoano sita nyuma ya mlango wa chumba, basi nikazitundika. Sijui kwa nini. Zinanukia udi na chumba sasa kinanukia nyumbani, na sina la kufanya nacho.

Zawadi ya kwangu mimi haikuwemo. Nilikagua mpaka mifuko ya pembeni. Nikampigia Asha, akasema zawadi yangu mama hakutaka kuitia kwenye mabegi asije akaipoteza. Aliishika mkononi. Amerudi nayo.

Sikuuliza ni kitu gani.

Baadaye nikaongea na mama kwa simu ya video. Aliuliza vitu vya watu vimefika salama, nikasema vimefika. Alifurahi, alifurahi hasa, kama vile safari imetimiza kazi yake. Ndipo nikamwambia. Nikamwambia mama, kosa ni langu, zile karatasi zilikuwa na makosa, niliandika nisichokijua, na nilichagua ile njia kwa ajili ya kilo. Viza bado ina miezi mitatu, nikamwambia. Tiketi moja safari hii, ndege moja tu kutoka Dar ikiwezekana, mkoba wa mkononi peke yake, na mtu wa kumshika mkono.

"Siji tena, Rukia," akasema. "Si hasira, mwanangu. Nimeogopa. Kile chumba sikuona mlango uko upande gani."

Nikasema sawa, mama. Nilikuwa na maneno mengi na nikasema sawa.

Kisha akaniambia nisogee kwenye taa, nigeuze uso huku, nigeuze huku. Nikafanya. Akauliza kama nimenenepa au nimekonda. Nikamwambia nimenenepa, kwa sababu ndilo analopenda kusikia. Akasema, "Alhamdulillahi," na akaomba akapumzike.

Daktari alisema mwaka, labda pungufu. Uhamiaji hawasemi kitu. Nimejaribu kupiga hesabu ambayo kwayo mambo haya mawili yanakutana na mama bado ananiona, na haipo. Hata wakiniita Jumatatu, hata wakinipa pasipoti mkononi, naogopa nitafika barazani kwake na atanipapasa mashavu kujua ni mimi.

Jioni hii nimekuta ujumbe wa msomaji mmoja wa Dodoma. Mama yake anakuja huku mwezi ujao kumwona mjukuu, pasipoti ya Tanzania, viza ya Uingereza, na watu wamemwagiza vitu. Ameuliza ule ujanja wangu wa kilo arobaini na sita bado unafanya kazi? Ameniita mwalimu.

Nimemjibu. Nimemwambia: tiketi moja, kaka, namba moja ya safari mpaka mwisho, hata kama begi ni moja. Waambie watu samahani. Mwache mama aje mikono mitupu. Amejibu haraka kwamba ahsante, ila begi moja halitatosha, ngoja aulize kwa wengine.

Makala ile nimeifuta. Nyingine zote nimeziwekea sentensi moja juu kabisa: aliyeandika haya hajawahi kupita viwanja hivi. Najua haitasaidia, watu wameshazinakili, ziko kwenye simu za watu mpaka Kigoma. Na nakala moja ya herufi kubwa iko Unguja ndani ya mfuko wa plastiki. Asha anasema mama hataki itupwe. Ameitundika ukutani karibu na kitanda, akija mgeni anamwonyesha.

Kesho ni zamu ya asubuhi. Ndege za kwanza kutoka kwetu upande ule zinashuka mapema, na wazee wao hutoka polepole, mwisho kabisa, baada ya watu wote. Nimejiwekea nadhiri nifanye kazi nimeugeuzia mlango ule mgongo. Lakini kaunta yetu imejengwa ikiutazama.