Dawa ya Kuku

Jumatatu, 3 Machi 1997
Chai bila sukari tena. Nimesahihisha madaftari ya kidato cha tatu, mada ya neva. Mmoja kaandika kwamba neva ni mshipa wa damu wenye hasira. Nikacheka. Mama mkwe akalia chumbani, kicheko kikaisha. Mkanda wa jeshi umepona, upele umekauka, lakini ubavu bado unamuwaka. Hawezi kuvumilia hata nguo. Blauzi ya mtumba tuliyomnunulia iko kambani tangu afike kutoka Nansio. Majirani wananong'ona kwamba ni ule ugonjwa, ukimwi. Wajinga.

Jumanne, 4 Machi
Hospitali wamempa vidonge vya kichwa. Soko huria limejaza maduka, dawa ya neva hakuna. Mimi mkwe, chumbani kwake siingii. Ujumbe wote unapita kwa mke wangu, Mama Kulwa. Asubuhi aliniambia mama anaulizia dawa yake ya kuku. Nikaona kifurushi cha majani makavu juu ya kabati. Kuku wetu wana mdondo. Nikamsifu kimoyomoyo, anaumwa na bado anajali kuku wa watu. Nimewachanganyia yote kwenye maji.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefanya upumbavu. Ile dawa ya kuku ilikuwa bangi. Kwao huwapa kuku wagonjwa, ndiyo maana ya jina. Mama mkwe huichemsha, anakunywa kidogo, maumivu yatulie. Tangu juzi hajapata usingizi. Mama Kulwa kanieleza hayo, tangu hapo hasemi nami. Kuku wanasinzia kama wazee kanisani.
Nimepekua jarida la sayansi kwenye maktaba ya chuo. Neva zina vipokezi. Kemikali za bangi zikikaa humo, neva hupunguza kupeleka mbele habari za maumivu. Mwili wenyewe hutengeneza kitu kinachofanana nazo. Na mimi miaka yote nawafundisha kwamba bangi ni wazimu, basi.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Kulwa kapanda meli ya Nansio bila kuniaga. Najua alichofuata. Akikamatwa bandarini ni jela, na aliyeimaliza ile bangi ni mimi. Naogopa. Darasani mmoja kauliza bangi inafanya nini mwilini. Nimemfokea akae chini. Aibu.
Jioni mama mkwe anaguna tu. Nimesimama nje ya mlango wake.
"Shikamoo, mama. Unisamehe."
Akajibu kwa shida: "Marahaba, mkwe. Kuku wamepona?"

Jumapili, 9 Machi
Mama Kulwa alirudi jana. Usiku nimesikia harufu ya majani yakichemka jikoni.
Asubuhi nimewapa kuku pumba. Kamba ya kuanikia iko tupu. Nimedhani blauzi imeibiwa. Mama Kulwa kasema hapana, mama ameivaa, wanakwenda kanisani.