Ndoo Namba Tisa

Jumatatu, 3 Juni
Wewe mwanamke wa Kibuta, kwenu hakuna jiko? Umetoka huko Kisarawe kuja hapa Mbwawa kumwona mjukuu wiki moja, leo ni wiki ya tano. Rudi kwako!
Sijamwambia. Nimeandika tu.
Nimefagia uwanja, nimeanika mtama siku ya tatu. Kuku wa jirani nimewarushia kandambili. Mtama huu nimelima mwenyewe, nimepeta mwenyewe, ni wa Abeli. Jumamosi anatimiza miezi sita, kliniki wamesema ndiyo aanze uji. Uji wa kwanza utakuwa wangu. Mimi ndiye mama wa baba yake.
Huyo Mama Neema, mama wa mkwe wangu, naye kaja na mchele wake. Ndoo nzima. Nimeiona.

Jumanne, 4 Juni
Abeli kalia. Nikambeba, akazidi. Kambeba Mama Neema, kimya. Mwanangu Elia akacheka: "Mama, huyu kashachagua." Mjinga. Nimemlea peke yangu, leo ananicheka mbele ya mkwewe.
Sikula mchana.
Nina wivu. Haya, nimeandika.

Jumatano, 5 Juni
Tumekwenda kusaga, mimi na yeye. Umeme hakuna. Kondo, mwenye mashine, akasema tuache ndoo, ukirudi atasaga. Akazipokea, akaziandika kwa chaki. Yake nane, yangu tisa. "Mgeni atangulie, bibi." Mgeni gani wa wiki tano! Akazipanga ukutani, nyuma ya mashine.
Saa kumi nimefuata. Nane ipo, imeshasagwa, unga bado wa moto. Tisa hakuna. Ndoo nyeupe, mfuniko wa bluu. Kondo eti alidhani nimeichukua mwenyewe. Nimepiga kelele mpaka watu wa dukani wakatoka. Ananionyesha ubao wake: MALI YA MTEJA IKIPOTEA HATUHUSIKI. Nikamuuliza, ubao ndio uliopokea ndoo yangu, au wewe?
Mtama wa msimu mzima. Mchana kweupe.

Alhamisi, 6 Juni
Kwa mwenyekiti wa mtaa. Kondo kang'ang'ania ubao wake, kila mtu anausoma. Mwenyekiti akamuuliza: nani alimwambia bibi aache ndoo? Kondo akajibu: Mimi. Nani aliipokea? Mimi. Chaki ya nani? Yangu.
"Basi ilikuwa mikononi mwako. Ubao haukuondolei dhamana. Kama hutaki dhamana, usipokee."
Mwenyekiti huyu nilimjua ana kamasi puani. Leo ana akili.
Akataka shahidi. Mama Neema akasimama. Akasema Kondo aliipokea, akaiandika, akaiweka ukutani. Kwa sauti yake ile ya upole. Hakuulizwa zaidi, akakaa. Kondo kapewa mpaka Jumatatu alete ndoo nzima ya mtama safi.
Akanigeukia. "Bibi, naapa, kule ukutani mtu hafiki bila kuzunguka mashine. Sijui imetokaje." Macho mekundu. Nikaangalia kandambili zangu.
Watu wamenipongeza. Sikufurahi.

Ijumaa, 7 Juni
Jumatano sikuandika yote.
Tulipotoka mashineni nilirudi, eti nimesahau mtandio. Kondo alikuwa kwa mama ntilie anakunywa chai. Mlango kauacha wazi, hilo ni lake. Lakini ndoo niliitoa ukutani mimi. Nikaiweka mlangoni, mbele ya zote, ili umeme ukirudi ishikwe kwanza. Nisitanguliwe na mchele wa Kibuta. Aliyeiba hakuzunguka kitu. Aliinama tu.
Nilipogeuka, Mama Neema alikuwa barabarani ananisubiri. Aliniona. Jana alijua, akanisitiri.
Namchukia zaidi. Hata kunyamaza ananishinda.

Jumamosi, 8 Juni
Miezi sita. Nimeamka nimejikaza, nijionee uji wa mchele ukipikwa. Jiko baridi. Neema anasema mama yake kakataa. Eti wasubiri mtama wa bibi, siku mbili si kitu.
Nimekwenda nyuma ya choo nikalia.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani nimekaa nyuma. Sikuimba.
Jioni Mama Neema kanipa mtoto, akaenda kuoga. Abeli hakulia. Kalala begani, udenda umelowesha gauni la kanisani. Sijalifuta.
Haya, Mama Elia. Kesho usingoje Kondo alete mtama. Amka, funga khanga, nenda kwa mwenyekiti, Kondo naye aitwe. Sema ndoo uliisogeza wewe. Kuacha mlango wazi ni kosa lake, kuisogeza ni kosa lako, mwenyekiti agawe hasara hapo. Kisha rudi nyumbani, washa jiko, mpe Mama Neema mwiko. Apike mchele wake.