Wanaume Waliokosekana Kaburini

Giakanja,
Jumapili, 9 Juni 2024

Shemeji Gikonyo,

Nakusalimu nikitumaini kwamba mguu wako umeanza kuunga, na kwamba huko hospitalini Murang'a wanakuletea chai ya moto, maana najua ya vuguvugu huimwaga. Sisi tu wazima. Watoto wamerudi shule na maharagwe yametoa maua.

Nimekupigia simu mara nyingi na hukushika. Sikulaumu. Siku ya mazishi ulitazama kwa simu ukiwa kitandani, ukaona wanawake ndio wanaomfukia ndugu yako. Ukaniambia nimemzika mume wangu Kingori kama mtu asiye na ukoo, na kwamba hutakanyaga tena boma hili. Ndiyo sababu ninakuandikia, kwa kuwa barua itakungoja mpaka hasira ipungue.

Kwanza nikueleze alivyokufa, kwa sababu uliambiwa nusu. Wezi wa ng'ombe wamejifunza kusikiliza matangazo ya vifo redioni. Wakisikia kuna mazishi mahali, wanajua kijiji kizima kitakuwa kaburini, na wanakuja mchana na lori. Kwa hivyo sisi majirani wa ulinzi wa Nyumba Kumi tulikubaliana kwamba kila mazishi mtu mmoja abaki akilinda. Alipozikwa mama yake mwenyekiti wetu Theuri, zamu ilikuwa ya Kingori. Alifurahi. Alisema hotuba za mazishi humpigisha miayo mpaka taya linauma. Nilimwachia uji kwenye chupa.

Niliporudi nilimkuta mlangoni mwa zizi. Walimkata mikono kwanza, kwa kuwa alikataa kuachilia ng'ombe, halafu wakamkata kichwani. Kipande cha kamba ya ng'ombe kilikuwa bado kimezungushwa kwenye kifundo cha mkono, na mkono wenyewe ulikuwa umeshikiliwa na ngozi tu. Damu ilikuwa imefika kwenye hori. Nilimfunga kichwa kwa leso yangu ingawa nilijua haisaidii. Uji alikuwa hajaugusa.

Inspekta Wamae alikuja na askari wake. Alitwambia ati watu wa huku tunajua kuzika kuliko kulinda, na kwamba mtu mmoja mwenye rungu si ulinzi, ni maiti ya pili. Theuri akamjibu kwamba polisi nao hufika lori likiwa limeshapita mji wa Kenol. Walirushiana maneno pale pale kwenye damu mpaka nikawaomba waingie ndani wakae. Walipotulia, Inspekta alisema wezi hurudi walikofaulu, na kwamba watarudi tukiwa na mazishi mengine. Wote walitazama chini, kwa sababu mazishi yaliyofuata yalikuwa ya Kingori.

Hakuna aliyenilazimisha, shemeji. Ni mimi niliyewaambia watangaze mazishi yake yawe mtego.

Tulitaja redioni siku na saa. Wanaume walipita barabarani wakiwa na suti zao ili waonekane, kisha wakarudi kwa kupenya kwenye mashamba ya kahawa, wakajificha na polisi ndani ya mazizi. Wewe hatukukwambia kwa kuwa wodi ina masikio mengi. Inspekta alitoa sharti moja: mwizi asipigwe, akabidhiwe akiwa hai, kwa maana aliyekufa hatasema ng'ombe huuzwa kwa nani. Tuliinua mikono wote kukubali. Nami niliinua.

Ndiyo maana sisi wanawake tulimshusha Kingori. Kamba za jeneza zilituchubua viganja. Tulikuwa tunatupa udongo bunduki zilipolia upande wa kwa Theuri, na watu wakaanza kupiga nduru. Mchungaji alifunga kitabu. Nilimwomba akifungue amalize, naye akamaliza. Kisha nilipanda kwa Theuri, na sepetu ilikuwa bado mkononi mwangu.

Lori lilikuwa limepigwa risasi magurudumu. Askari mmoja alikuwa amekatwa begani. Theuri alikuwa amepoteza vidole vitatu kwa panga, ameufunga mkono kwa tai yake. Wezi wawili walikuwa wamekalishwa chini na pingu. Majirani zetu walikuwa wamewazunguka, mawe mikononi, wengine wakilia, na hakuna aliyekuwa amerusha hata moja. Inspekta alisimama katikati yao amenyoosha mikono.

Kijana mmoja kati ya wale wezi alinitazama, akauliza kama mimi ndiye mke wa yule mzee wa kamba. Akasema ati angeachilia tu, hawangemgusa.

Nilimpiga kwa sepetu usoni. Nilisikia taya likivunjika. Nilimpiga tena alipokuwa ameshaanguka, na ningempiga mara ya tatu kama Theuri hangenikumbatia kwa ule mkono wake, damu yake ikiingia kwenye mkono wa nguo yangu. Wakati huo ndipo wanaume walipoangusha mawe. Nadhani walijiona kwangu wakaogopa.

Kijana yuko hai. Anakunywa kwa mrija. Ameonyesha nyumba ya mnunuzi, na wengine wameshikwa. Inspekta ameniambia niseme alianguka kutoka kwenye lori, na majirani wote wako tayari kusema hivyo. Nimekataa. Hakimu akiniuliza nitamwambia ukweli.

Jambo ambalo sijamwambia yeyote ni kwamba nilipomsikia akilia nilifurahi. Ninakwambia wewe kwa sababu ulisema wale wanaume walimdharau Kingori. Hawakumdharau. Waliishika ahadi wakiwa na mawe mikononi na wakawaachia polisi wale wezi. Ukitaka wa kumkasirikia katika mazishi yale, nikasirikie mimi, na wao uwasalimie.

Udongo wa kaburi umebonyea upande wa kichwani. Sijamruhusu mtu kuujaza. Ukiweza kutembea, uje uujaze wewe.

Msalimie daktari na wenzako wa wodini. Watoto wanakusalimu.

Ni mimi, mke wa ndugu yako,
Watiri.

Ukiomba jioni, unikumbuke.