Kanyaga Karatasi Kwanza, Shemeji

Chumba cha nyuma, kwa fundi cherehani
Jumapili, tarehe 14

Mpendwa shemeji,

Mdogo wako, mke wangu, amekufa. Jumanne, wodini, saa nne asubuhi. Tulimzika Jumatano. Simu yako haikupatikana siku zote hizo, ndiyo maana naandika, na unajua mimi na kalamu hatupatani.

Hujambo? Na miguu yako je? Siulizi kwa mazoea. Nataka kujua.

Kilianza kidonda chini ya kidole gumba cha mguu. Kidogo, kama punje ya mahindi. Hakukisikia. Sukari ilishamtia ganzi miguuni, hata angekanyaga msumari asingejua. Mimi niliona damu kwenye soksi. Wakakata kidole, wakakata mguu, wapi.

Ni vile viatu vyeusi vya kisigino ulivyotuma. Usianze kulia, soma. Vilimbana tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyemsaidia kuviingiza, kwa mpini wa kijiko. Nikamwambia avae vipana. Akanijibu, "Vipana nahisi niko peku. Hivi ndivyo najua nimevaa kiatu. Na wewe wa sandali za tairi unifundishe viatu?" Tukacheka. Yakaisha hapo.

Jumatatu nilimwendea fundi wa viatu pale hospitali, amtengenezee kiatu cha mguu uliobaki. Akanikanyagisha karatasi ya wino. Peku, kisigino kilitoka cheusi, mbele hafifu tu. Akaniwekea kibao chini ya kisigino, nikakanyaga tena. Nyuma pakafifia, mbele chini ya gumba pakawa doa jeusi tii. Akasema uzito haupungui, unahama tu. Na ncha ikiwa nyembamba vidole vinapandana, havibebi.

Miaka ishirini nabeba mifuko ya saruji, nikaelewa palepale. Wanne mkiinua mzigo, watatu wakiachia, aliyebaki ndiye anayeumia. Ila nimeelewa Jumatatu, na yeye kafa Jumanne.

Tangu hapo situlii. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi. Njiani natazama miguu ya watu mpaka dada mmoja kaniuliza nimeangusha nini. Fundi cherehani ninayekaa kwake nimeshampima nyayo mara mbili, sasa ananiita Bwana Unyayo.

Haya, wewe sasa. Ulisema ulinunua jozi mbili, yako na yake. Na sukari unayo kama yeye. Simama juu ya karatasi, mumeo achore mguu, ukate, uingize hiyo karatasi kwenye kiatu. Ikikunjamana pembeni, hicho kiatu tupa. Usimpe mtu. Usiniambie hakikuumi, hata yeye alisema hivyohivyo. Kila jioni tazama nyayo. Kama huwezi kuinama, weka kioo sakafuni.

Halafu nitumie hiyo karatasi niione kwa macho yangu. Isipofika nitajua unavivaa.

Mama mkwe yupo, hali vizuri, anakutaja wewe tu. Amebaki na binti mmoja. Hilo sikuandikii mimi, ndivyo anavyosema mwenyewe.

Msalimie mumeo, na binti yako mkubwa mwambie kazi ya kukagua viatu vya mama yake nimemkabidhi yeye. Mungu akulindie miguu yote miwili.

Ni mimi shemeji yako, nakupenda hata kama nimeandika kwa ukali. Kesho narudi kazini.