Nimependa Mkono Uliofunga Koti

Mpendwa Bi Colette, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi maana nimefika mahali sijielewi tena. Mimi na mume wangu Orest tuna studio ndogo hapa Toronto, chini ya nyumba tunayokaa, na kazi yetu ni kutengeneza sauti za filamu, mtu akitembea kwenye theluji ujue ni mimi ninaminya mfuko wa wanga wa mahindi, mlango ukilia ni Orest na kiti chake kibovu, tuko wawili tu, naye ni mtu wa maneno machache, anafanya kazi, anapika supu yake ya bitiruti, analala.

Sasa baridi hii tumeletewa filamu ya mapenzi na vitisho, mwanamke mmoja kati ya wanaume wawili, mume mkimya anayemnyemelea mitaani kila jioni na mpenzi mwenye maneno matamu, unatetemeka ukidhani mume ndiye atakayemuua, kumbe muuaji ni yule mtamu na mume alikuwa anamfuata ili amlinde. Kuna tukio la kwenye maegesho ya magari, yule mpenzi anamvalisha mwanamke koti, hawasemi kitu, unasikia pumzi yake tu na vidole vikifunga vifungo taratibu, kama anaogopa kumwamsha mtoto. Tukio hilo lilishughulikiwa nikiwa kitandani na mafua, niliporudi kazini nikalikuta limeshakamilika, nikavaa hedifoni nikalia, Bi Colette, nikalisikiliza tena na tena mpaka nikajua nimempenda mtu.

Mtu huyo ni mwigizaji wa yule mpenzi, Brendan. Alikuja studio wiki iliyofuata kurudia maneno yake, kwa sababu sauti zote zilizonaswa kule maegesho zilitupwa, mafeni ya kupeperusha theluji yalinguruma mno. Nikamwambia jinsi tukio la koti lilivyonigusa, akasema, "Watu wote wananitazama, wewe peke yako ndiye unayenisikia." Tukaenda kunywa kahawa, akasimulia habari zake mpaka kahawa ikapoa, kisha akatangulia mlangoni mimi nikihangaika na mkono wa koti langu, nadhani aliona haya. Jumamosi anataka twende wote Montreal.

Orest hajui kitu. Asubuhi tukitoka kununua mkate ananiambia kama siku zote, "Inua kidevu, mama, nikufunge," ananifunga koti, nami naangalia pembeni. Nimwambie ukweli niondoke, au nibaki na mtu ambaye moyo wangu haumsikii tena?

Masikio Yameniponza, Toronto

*

Masikio, kaa kitako. Kwanza pole, na ninaisema kwa moyo. Kuishi na mtu mkimya kunachosha, na mwanamke anayeminya wanga gizani hapati wa kumsifu kila siku. Akitokea mmoja, kichwa kinazunguka.

Lakini barua yako nimeisoma nikashika kiuno. Sauti za maegesho zilitupwa zote, ni wewe uliyesema. Brendan amefika wiki iliyofuata, wewe umeshalia na hedifoni yako, na alikuja kurudia maneno wakati tukio lile halina neno hata moja. Studio yenu ina watu wawili, mmoja yuko kitandani anakohoa. Sasa niambie, mama, pumzi ile ni ya nani? Vidole vile ni vya nani?

Fundi mzima wa kudanganya masikio ya watu, umemtazama Brendan usoni ukamsikia Orest! Na filamu yenyewe umeikariri, umeona yule mwanamke alivyokosea, halafu unafungasha sanduku umfuate mwenye maneno matamu. Aibu kidogo ingekufaa.

Mpigie Brendan leo umwambie Montreal huendi. Usimpe sababu, ataifanya habari yake. Kisha mwambie Orest ulivyokuwa mpweke, umwambie waziwazi unataka maneno, hata mawili kwa siku, maana ukimya wake nao una makosa na asijifiche nyuma ya supu. Muulize nani alifanya tukio la koti. Akiona haya, muulize tena.

Na kesho asubuhi akisema uinue kidevu, inua, lakini fumba macho usikilize mpaka kifungo cha mwisho. Halafu umfunge na yeye vyake.

Bi Colette